Kanula ya Akiba

Mzee alilazwa wodini kwetu Jumanne usiku akiwa na nimonia. Kufika Ijumaa asubuhi alikuwa ameshaomba chai ya maziwa, na alikuwa akiwatania wa vitanda vya jirani kwamba wagonjwa ni wao, yeye amekuja kupunga upepo. Homa ilikuwa imekatika tangu jana yake. Kwenye raundi daktari akamsimamishia sindano, akamwandikia vidonge, na kwenye faili akaweka kuwa hali ikiendelea hivyo Jumamosi aruhusiwe. Nikajaza chati, nikampa vidonge vyake, nikamsogezea glasi ya maji. Kanula, ule mrija mdogo wa plastiki wa kupitishia dawa mshipani, nikaiacha mkononi mwake.

Nimefanya uuguzi miaka 16. Nimekosea mambo mengine makubwa zaidi, lakini lile la kuacha tu kitu kilipo ndilo linalonirudia nikiwa jikoni, nikiwa kwenye foleni ya benki, popote.

Sababu nilikuwa nayo. Mishipa yake ilikuwa ya taabu: mzee aliyevuta nyavu maisha yake yote, ngozi ngumu, mishipa inayokimbia ukiigusa. Mwenzangu wa zamu ya Jumanne alimchoma mara nne ndipo akaipata ile moja, nyuma ya mkono wa kushoto. Nikasema moyoni, iache. Usiku homa ikirudi nani ataanza kumtoboa tena? Kanula ya namna hii kwetu ina jina, ingawa hulikuti kwenye mwongozo wowote. Tunaiita kanula ya akiba.

Jumamosi hakuruhusiwa. Bili ilikuwa haijakamilika na mwanawe wa kulipa alikuwa safarini hadi Jumatatu. Jumapili mchana mkewe akanifuata mezani. "Sista, mwenzangu mkono unamuwasha pale penye mpira." Nilikuwa na wagonjwa 34 na mwanafunzi mmoja. Nikamjibu kwa upole kabisa, na upole huo ndio unaoniuma hadi leo: "Mwambie avumilie, bibi. Kesho akiondoka tutaitoa."

Jumapili hiyo saa nne usiku kitanda chake kikaanza kugonga ukuta.

Aliyewahi kuona mtu akitetemeka kwa vijidudu vilivyoingia kwenye damu hahitaji kuelezwa. Meno yanagongana, blanketi tatu hazisaidii, mgonjwa anakuangalia kama anayekuomba umshike asianguke, naye amelala. Niliitwa, kwa kuwa nyumba yangu iko ndani ya uzio wa hospitali. Nilipofika, mwenzangu wa usiku alikuwa ameshampima: joto 39.8. Nikabandua plasta. Tarehe iliyoandikwa juu yake kwa peni ilikuwa imefutika kwa jasho na maji ya kunawia, imebaki alama ya samawati tu. Ngozi chini yake ilikuwa nyekundu, imetuna, na mshipa umekuwa mgumu kama uzi wa mshipi kuelekea kwenye kiwiko. Nilipoivuta kanula, kwenye tundu kukatokea tone moja la usaha, dogo kama punje ya mtama.

Maabara yetu wakati huo ilikuwa na uwezo wa kuotesha damu, bahati ambayo hospitali nyingi hazina. Tulichukua chupa mbili za damu, moja kutoka kila mkono. Siku iliyofuata zote mbili zilikuwa zimeota mdudu mmoja: stafilokokasi, yule ambaye wataalamu walimpa jina la dhahabu kwa sababu ya rangi yake akioteshwa. Ni mdudu wa kawaida. Watu takriban 3 kati ya 10 wanatembea naye puani bila kujua wala kudhurika. Madhara yanaanza akipata njia ya kuingia kwenye damu, na njia hiyo tulimtengenezea sisi.

Sasa sikia kejeli yenyewe. Dawa yake ilikuwa kloksasilini, ya mshipani, kila baada ya saa sita, kwa siku 14. Ya mshipani! Kwa hiyo ili kumtibu maradhi ya kanula tukamwekea kanula nyingine, na mdomo wa kanula ulitakiwa kufunguliwa mara 56, na kila mara ni nafasi nyingine ya kosa lile lile. Mtu aliyekuja kwa siku nne akakaa hadi wiki ya tatu. Mkewe akahamia kwenye mkeka chini ya mwembe nje ya wodi pamoja na sufuria zake.

*

Wengine huiita branula, wengine husema "mpira wa dripu", na mgonjwa akiulizwa atakuambia "sindano iliyobaki mkononi", ingawa kilichobaki si sindano. Chuma kinatoka mara mshipa ukipatikana, na ndani kinabaki kijirija cha plastiki laini, chembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Ndiyo maana watu hukizoea haraka. Hakichomi. Mgonjwa anakula nacho, anaoga nacho, analala juu yake.

Ngozi ni ukuta, na kijirija kile ni tundu ukutani lenye kitu kilichopachikwa katikati. Vijidudu vina njia mbili. Ya kwanza ni ya nje: wale wanaoishi kwenye ngozi ya mgonjwa mwenyewe hushuka taratibu wakifuata ukuta wa plastiki hadi ndani ya mshipa. Ya pili ni ya ndani: huingia kupitia mdomo wa kanula, pale tunapochomeka bomba la sindano, na mara nyingi wanaowaleta ni vidole vyetu. Wakishafika juu ya plastiki hawakai ovyo. Wanajijengea utando. Kama umewahi kupitisha mkono ndani ya pipa la maji lililokaa wiki mbili bila kusuguliwa, ule utelezi unaujua. Ndio huo. Dawa ikipita inawaua walioko nje ya utando, waliojificha ndani wanasubiri dozi iishe. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya matibabu, kabla hata ya kufikiria dawa gani, ni kuivuta plastiki itoke.

Hapo nazungumzia kanula ndogo ya mkononi. Iko na ndugu yake mkubwa, katheta ya mshipa mkuu, inayopita shingoni, chini ya mtulinga au kwenye kinena na kufika karibu na moyo. Kwetu huonekana zaidi kwa wagonjwa mahututi na kwa wanaosafishwa damu kwa sababu ya figo. Kuna kijana mmoja wa figo niliyemfahamu aliyekuwa na mpira wa shingoni kwa miezi akisubiri apasuliwe mkono kwa ajili ya njia ya kudumu. Hakuruhusu mtu yeyote auguse nje ya chumba cha kusafishia damu. Daktari mgeni aliwahi kutaka kuutumia kuchukulia damu ya vipimo, kijana akaufunika kwa kiganja na kusema, "Huu una wenyewe." Wengine walimwona mkorofi. Mimi nilitamani wagonjwa wangu wote wawe wakorofi hivyo.

*

Historia ya jambo hili ina nesi ndani yake, na sikuwahi kumsikia chuoni.

Mwaka 1929, katika hospitali ya mji mdogo wa Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana aitwaye Werner Forssmann alitaka kuthibitisha kwamba unaweza kupitisha mrija kwenye mshipa wa mkono ukafika hadi moyoni bila mtu kufa. Wakubwa wake walimkataza. Vifaa visafi vilikuwa mikononi mwa nesi, Gerda Ditzen. Forssmann akamshawishi, na Gerda akakubali kwa sharti moja: afanyiwe yeye. Daktari akamfunga kwenye meza, akajifanya anamtayarisha, kumbe ameshajipasua mkono wake mwenyewe na kupitisha mrija wa mkojo wa sentimita 65. Nesi alipogundua alighadhibika, lakini walishuka pamoja hadi chumba cha eksirei, mrija ukining'inia, na picha ikaonyesha ncha yake iko ndani ya moyo. Forssmann alikemewa vibaya. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wengine wawili. Gerda alibaki kwenye simulizi kama aliyefungwa mezani. Mimi namkumbuka kwa jingine: bila yeye kufungua kabati, pasingekuwa na kisa.

Mlango uliofunguliwa siku ile haujafungwa tena. Mwezi Mei 2024 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kwanza wa dunia nzima kuhusu maambukizi ya damu yatokanayo na mirija hii, lilisema kuwa hadi wagonjwa 70 kati ya 100 wanaolazwa hospitalini huwekewa mrija mshipani wakati fulani wakiwa wodini. Hakuna kifaa kingine kinachoingia ndani ya mwili wa watu wengi kiasi hicho na kusahaulika haraka kiasi hicho.

*

Niruhusu niseme kuhusu dripu, kwa sababu tatizo letu linaanzia hapo kabla ya kufika kwenye usafi.

Huku kwetu mtu akirudi nyumbani kutoka hospitali bila kutundikiwa dripu, wenyeji wanamuuliza kama kweli alitibiwa. "Wamekupa panadoli tu?" Dripu inaonekana, inahesabika, inapigwa picha na kurushwa kwenye kundi la familia. Nimeona ndugu wakiwa tayari kununua chupa kwa pesa yao duka la dawa na kunibembeleza nimtundikie mgonjwa anayekunywa uji vizuri tu, "apate nguvu". Chupa ya nusu lita ya salaini ina gramu 4.5 za chumvi, haifiki kijiko cha chai kilichojaa. Ile ya sukari, dekstrosi ya asilimia 5, ina gramu 25 za sukari, chini ya soda moja. Kwa anayetapika na kuharisha hadi macho yamezama, chupa hizo ni uhai na sibishani. Kwa anayeweza kumeza, unamtoboa ukuta ili umpe nusu ya Fanta.

Na sisi watumishi tunachangia. Daktari anaandika sindano kwa siku tano kwa sababu ndivyo alivyoandika jana. Nesi hamuulizi. Mgonjwa anafurahi. Kanula inakaa.

*

Kisa cha Michigan, Marekani, cha kupunguza maambukizi ya katheta nilikisikia kwenye mafunzo, kikinisimuliwa kama muujiza wa orodha ya vitu vitano. Nilipokisoma mwenyewe nikaona muujiza haukuwa kwenye orodha.

Peter Pronovost alikuwa daktari wa wagonjwa mahututi katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Mwaka 2001 aliandika mambo matano ya kufanya wakati wa kuweka katheta ya mshipa mkuu: nawa mikono, safisha ngozi kwa dawa ya kuua vijidudu iitwayo kloheksidini, mfunike mgonjwa mwili mzima kwa shuka safi na wewe uvae kofia, barakoa, gauni na glovu, epuka kinena ukiweza, na katheta isiyohitajika itoe. Hakuna hata moja ambalo madaktari walikuwa hawalijui. Ila walipofuatilia wakakuta kwamba daktari akitaka kuweka katheta ilimlazimu kuzunguka sehemu hadi nane kutafuta vifaa. Kofia huku, dawa kule, shuka stoo. Wakanunua troli moja na kuweka vyote humo.

Niliposoma hilo la troli nilicheka peke yangu. Hata Marekani!

Kisha wakafanya jambo la pili, ambalo ndilo kiini. Wakawapa manesi mamlaka ya kumsimamisha daktari akiruka hatua, na uongozi ukaahidi hadharani kuwalinda. Mpango huo ukapelekwa jimbo la Michigan, kwenye wodi 103 za wagonjwa mahututi, na matokeo yakachapishwa mwishoni mwa 2006. Wastani wa maambukizi ulishuka kutoka 7.7 kwa kila siku 1,000 za katheta (mgonjwa mmoja akikaa nayo siku moja, hiyo ni siku moja ya katheta) hadi 1.4 baada ya mwaka mmoja na nusu. Nusu ya wodi zilifika sifuri katika miezi mitatu ya mwanzo. Waingereza nao walijaribu kuiga miaka michache baadaye. Maambukizi kwao yalishuka pia, ila yalikuwa yakishuka hata kabla, kwa hiyo ikawa vigumu kusema mpango wenyewe ulichangia kiasi gani. Karatasi ile ile, nchi nyingine. Ndiyo maana sipendi mtu anaponiletea fomu mpya wodini na kuniambia imeokoa watu kwingine. Nani amepewa ruhusa ya kusema "simama"? Hilo ndilo swali langu, na mara nyingi halina sanduku la kuweka tiki.

Nimewahi kusema "simama" mara moja nikiwa mwaka wa tatu kazini. Nilimwambia daktari kwamba ameigusa tena ngozi baada ya kuisafisha. Aliniangalia, akaendelea. Jioni matroni akaniita na kuniuliza kwa nini namdhalilisha daktari mbele ya mgonjwa.

*

Mtu atasema takwimu za Marekani zinatuhusu nini. Basi tuje karibu. Hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walifuatilia watoto waliolazwa kuanzia 2002 hadi 2009 na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Katika kila watoto 1,000 waliolazwa, karibu 6 walipata bakteria kwenye damu wakiwa humo humo hospitalini. Kati ya watoto hao, asilimia 53 walifariki. Waliokuja na bakteria kwenye damu kutoka nyumbani walifariki asilimia 24, na wasiokuwa nao asilimia 6. Si yote hayo yaliletwa na kanula, na wenye utapiamlo mkali walikuwa hatarini zaidi. Lakini nikisoma 53 dhidi ya 24 naona picha ya mama aliyepanda pikipiki alfajiri kumleta mwanawe mahali salama.

Sasa nikueleze wodi ilivyo, maana mwongozo unaandikwa kana kwamba vitu vipo.

Kuna chupa ya wodi. Ni salaini ya nusu lita iliyochomekwa sindano shingoni kama bendera, na kila mwenye zamu anavuta humo mililita kadhaa za kusuuzia kanula, kitanda hadi kitanda, asubuhi hadi jioni. Niliitumia miaka mingi. Vichupa vidogo vya mililita 10 vikiisha stoo unafanyaje? Lakini bomba moja lililogusa damu likirudi humo, umeigawa kwa wodi nzima. Kuna kopo la pamba zilizolowekwa spiriti tangu Jumatatu. Linaonekana safi kuliko chochote mezani. Kumbe spiriti inaruka, vidole vinazama humo mara mia kwa siku, na baada ya muda pamba zenyewe zinakuwa makazi ya vijidudu. Shirika la Afya Duniani limelikataza kopo hilo miaka mingi, nalo bado lipo, na kifuniko chake kimepotea. Na kuna glovu inayofungwa mkononi badala ya kamba ya kukazia, mgonjwa mmoja baada ya mwingine.

Mwezi wa tatu nilikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili, kijana mwepesi wa mkono. Nilimwacha aweke kanula kwa mama wa makamo, mimi nikakaa kimya na kuangalia. Alikata vipande vitatu vya plasta na kuvibandika kwenye chuma cha kitanda, tayari. Akafunga mkono, akatafuta mshipa, akaupata vizuri. Akapangusa spiriti. Halafu akafanya kile ambacho sote tunafanya: akarudisha kidole pale pale alipopangusa ili ahakikishe mshipa haujahama.

"Anza upya," nikamwambia.

Akanitazama kama nimemtukana.

"Kidole chako kimetoka wapi?"

Akafikiria. Kilitoka kwenye chuma cha kitanda, kabla ya hapo kwenye troli, kabla ya hapo mfukoni kwenye simu. Akapaka mikono dawa tena. Akapangusa upya, na nikamwambia asichome, ahesabu hadi 30. Spiriti inafanya kazi ikikauka. Ukichoma ikiwa mbichi unaingia na maji yenye wadudu walio hai. Sekunde 30 wodini ni ndefu mno. Mama mgonjwa naye akaanza kuhesabu kwa sauti pamoja naye, "kumi na tisa, ishirini", wodi ikacheka. Akachoma, damu ikarudi, akaipata mara moja. Akanyoosha mkono kuchukua plasta kwenye chuma cha kitanda.

"Hicho chuma," nikamwambia, "jana kilishikwa na nani?"

Plasta ile inakwenda kukaa milimita chache kutoka kwenye tundu, kwa siku tatu au nne. Akakata vingine moja kwa moja kutoka kwenye bunda. Tukaandika tarehe na saa kwa kalamu isiyofutika, niliyoinunua mwenyewe stationari kwa shilingi 1,000 na ambayo naificha kama ufunguo wa nyumba.

Tulimchagulia sehemu ya mkono chini ya kiwiko badala ya kwenye kikunjo au nyuma ya kiganja, maana pale pasipojikunja kanula haichezi, na kanula inayocheza inachubua mshipa. Kabla ya kila dozi tunasugua mdomo wa kanula kwa spiriti sekunde 15 na kuuacha ukauke. Watu wanafanya hili wiki ya kwanza baada ya semina. Wiki ya tatu utaona kizibo kimewekwa juu ya godoro wakati dawa inaingia, kisha kinarudishwa.

Zamani tulifundishwa kuitoa na kuweka nyingine kila baada ya saa 72 hata kama haina tatizo. Mwaka 2012 Claire Rickard na wenzake wa Australia walichapisha utafiti wa wagonjwa 3,283: nusu walibadilishiwa kila siku ya tatu, nusu walibadilishiwa pale tu ilipotokea sababu. Kuvimba kwa mshipa kulikuwa asilimia 7 pande zote mbili. Wengi wakaacha ratiba, na walioacha hawakukosea kwa mtazamo wangu, kwa sababu kila kutoboa upya ni maumivu na tundu jipya. Ila wagonjwa wale wa Australia walikuwa na mtu anayeitazama kanula kila siku. Sisi tulipoacha ratiba tulibaki bila ratiba na bila mtazamaji.

*

Baada ya mzee yule nilianza kazi yangu mwenyewe, isiyo kwenye fomu. Nikipokea zamu sianzi na mafaili. Napita vitanda vyote nikiangalia mikono. Naibonyeza ngozi juu ya plasta na kuuliza inauma? Kisha najiuliza leo itapita nini humu. Dawa gani, saa ngapi? Kama sina jibu inatoka, na kama daktari atahitaji nyingine jioni nitaiweka mimi. Wodi ya watu 34 inanichukua robo saa. Asubuhi ya kwanza nilitoa kanula 9, na kati ya hizo 2 zilikuwa kwa watu ambao hawakuwa na dawa yoyote ya mshipani tangu juzi yake. Hakuna hata mmoja kati ya wale tisa aliyehitaji nyingine siku hiyo.

Wenzangu walinung'unika. "Ukiitoa wewe, usiku natafuta mshipa mimi." Wana haki. Usiku kuna nesi mmoja na taa ya simu. Tulikubaliana na daktari wa wodi kwamba raundi ya asubuhi, akifika kwa kila mgonjwa, nesi aseme siku ya kanula kama anavyosema joto: "Kanula siku ya tatu, dawa ya mwisho ya mshipani jana jioni." Ikisemwa kwa sauti, daktari analazimika kujibu. Mara nyingi jibu ni "itoe, nampa vidonge". Daktari huyo ni kijana, hakuniita mkorofi.

Kwa ndugu wa wagonjwa nina ombi. Mama zetu wamefundishwa kuwa kumuuliza nesi ni utovu wa adabu, kwa hiyo wanakaa na jambo hadi linaoza. Uliza. Sema, "Sista, samahani, hii bado ina kazi?" Pakianza kuuma, kuwasha, kuwa pekundu au kulowa, usisubiri raundi. Na mtu akija kuigusa bila kupaka mikono dawa, mpe mkono wa salamu uone kama ataelewa. Mke wa yule mzee aliniambia mapema, mchana kweupe, kwa maneno mepesi kabisa. Alikuwa ameona kabla yangu.

Mzee alipona. Siku ya kuruhusiwa nilikwenda mwenyewe kuitoa ile ya mwisho. Akaikazia macho plastiki ilipotoka, akashangaa kuwa ni ndogo hivyo, akaniomba aishike. Nikamkatalia, nikaitupa. Akabonyeza pamba mwenyewe dakika mbili nzima. Nilimwambia ukweli: kwamba ile ya kwanza nilitakiwa niitoe Ijumaa. Alikaa kimya kidogo, halafu akamgeukia mkewe. "Si ulimwambia?"

"Nilimwambia," bibi akajibu, huku akifunga sufuria zake kwenye khanga.

Juzi nilikuwa kwenye daladala narudi kutoka sokoni, nimesimama. Binti mmoja mbele yangu alishika bomba la juu, na mkono wa gauni ukateremka hadi kwenye kiwiko. Kanula. Plasta imeshaanza kunyanyuka pembeni, imeshika vumbi. Nikamsalimia, nikamwambia mimi ni nesi. Akasema anachomwa sindano za siku tano kwenye zahanati karibu na kwao, asubuhi na jioni, wamemwambia akae nayo ili wasimtoboe kila mara.

"Leo ni ya siku ya ngapi?"

Akahesabu kwa vidole vya mkono mwingine, akapoteza hesabu, akaanza tena. Sindano ya mwisho alichoma juzi yake. Hakuna aliyemwambia arudi itolewe.

Tulishuka kituo kimoja, nikamsindikiza hadi zahanati.